Tulia Ametulia

Ghorofa ya nne, 2 Februari

Kwako mpwa wangu Unga,

Nakusalimu salamu nyingi kama unga ulioko nyusini mwako. Ukitaka kujua hali yangu, ni hali ya mtu anayeishi juu ya vichwa vya watu. Chini yetu kuna fundi viatu anayegonga kutwa, juu yetu kuna mama anayekaanga vitunguu tangu asubuhi, na mimi nimebanwa katikati kama siagi kwenye mkate wako. Binti yangu Nesi ameniwekea kiti kizuri dirishani. Nikitazama chini naona migongo ya magari tu. Sijaona hata mgongo mmoja wa kupanda.

Nyonga imefungwa vyuma. Daktari wa mifupa anasema kazi yake ameimaliza, iliyobaki ni yangu. Nikitembea kila siku nitatembea tena, nikikaa nitakaa moja kwa moja. Basi natembea. Nashika kile kigari cha miguu minne, nakwenda mpaka kwenye lifti, narudi, na watoto wa jirani wananishangilia kama mwanariadha. Nataka kurudi nyumbani, Unga. Tulia hawezi kupanda lifti, kwa hiyo mimi ndiye wa kushuka.

Sasa kuhusu binti yake na ile safari ya mashindano ya Novemba. Najua unavyopenda haraka, kwa hiyo soma hapa mara mbili: mwezi huu na ujao Kisirani ni kutembea tu. Mapafu ya farasi mchanga huwahi kukomaa. Baada ya wiki chache atavuta hatamu, atakuambia yuko tayari, na atakuwa anakudanganya bila kujua. Mifupa na mishipa ya miguu huja nyuma, tena huja kwa miguu, haipandi basi. Ukiyasikiliza mapafu utamharibia miguu. Wewe ni mwoka mikate, hujawahi kukanda unga ukautia tanurini hapo hapo. Mtembeze umbali wa kwenda sokoni na kurudi, kidogo kwenye ardhi ngumu, kidogo kwenye laini. Leo kazi, kesho malisho.

Hivi unakumbuka mama yake alivyopata jina? Ulikuwa mdogo, una meno mawili ya mbele na maneno mengi. Aliletwa kwetu akiwa mwehu kabisa. Akiona ndoo anaruka, akiona kuku anaruka, akiona kivuli chake mwenyewe anatafuta ugomvi. Nyumba nzima, kuanzia marehemu mama yako mpaka fundi wa kwato, tukabaki na neno moja mdomoni: tulia, tulia, tulia! Tukimwita kwa jina tulilompa, hata sikio halisogei. Tukisema "tulia" anakuja mbio. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka," akaniambia, "wewe umemwambia atulie, yeye amedhani unamwita." Jina likakaa, na yeye hakutulia hata siku moja.

Mpe kipande cha mkate mkavu, mwambie kimetoka kwangu. Na uniandikie, usinipigie. Kwenye simu nasikia "halo" tu, mengine yote nabahatisha.

Ni mimi mjomba wako,
Hatamu


Zizini, 17 Februari

Dada Nesi,

Barua hii nimeituma hospitalini kwako makusudi. Usiipeleke nyumbani.

Tulia amekufa juzi. Nilitoka kwenye duka la mikate asubuhi nikamkuta amelala kwenye kona ya mbali ya uzio, tumbo limejaa, shingo imelowa jasho. Daktari wa mifugo alikuja haraka, na nisimseme vibaya, alifanya yote. Tulimpa dawa, tukamtembeza, akasimama mara mbili. Mara ya tatu alinitazama tu. Alikuwa mzee, dada, lakini mimi sikuwahi kumwona kama mzee.

Kisirani tulimfungia bandani kwa sababu alikuwa anajirusha kwenye lango, daktari akaogopa ataumia. Alipiga mlango kwa kwato muda wote. Jirani mwenye trekta akatusaidia kuchimba pale pale kwenye kona, na nilipomfungulia Kisirani ardhi ilikuwa imeshasawazishwa. Akakimbia uzio mzima akinusa. Tangu siku hiyo kila alasiri anakwenda kusimama kwenye kona hiyo hiyo, pale walipozoea kusimama wote wawili, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule, wakifukuziana nzi.

Nimwambieje Mjomba? Nimekaa mbele ya karatasi mpaka trei nzima ya mikate imeungua. Kwa simu siwezi, sauti yangu unaijua, nitalia kabla sijamaliza "shikamoo".

Mdogo wako,
Unga


Hospitali, 23 Februari

Unga mdogo wangu,

Pole. Na mimi nimelia. Nililia kwenye chumba cha kufulia mashuka, maana mashine za pale zina kelele.

Lakini usimwambie. Nakuomba. Mimi nawaona wazee waliovunjika nyonga kila siku ya Mungu. Vyuma vyao ni vilevile na dawa zao ni zilezile. Anayeinuka kitandani ni yule mwenye pa kwenda. Baba asubuhi akishika kile kigari anasema, "Haya Tulia, naja," halafu anang'oa mguu. Maumivu yanamtoa machozi na bado anang'oa mguu. Ukimwondolea huyo Tulia, ataniuliza anatembea kwenda wapi. Ukumbi wetu unaishia kwenye lifti.

Mwache afike kwenye fimbo kwanza. Akiwa imara nitamwambia mimi mwenyewe, uso kwa uso, na akitaka kugomba atanigombeza mimi. Wewe endelea kumwandikia habari za Kisirani. Si ndizo anazozitaka?

Dada yako,
Nesi


Nyumbani, 1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika, na unga wa nyusini unakusalimu. Huku hatujambo. Tulia ametulia, usiwe na wasiwasi naye. Mkate wako nimempelekea, nimeuweka pale alipo.

Kisirani anatembea kama ulivyoagiza, na anakusema vibaya njia nzima. Anataka kukimbia. Jana mfuko wa plastiki ulivuka barabara, akasimama wima kuupisha kama vile ni msafara wa mkubwa fulani, na nyuma yetu foleni ya baiskeli ikatungoja. Seremala akatoka kibandani kwake akauliza kama tumekodishwa kuongoza magari. Lakini miguu ni mikavu, haina uvimbe. Kila tukirudi nampapasa yote minne kabla ya kumvua tandiko, na mkono wangu umeshajua kila kifundo. Daktari wa mifugo akipita anamsikiliza moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto, anasema mapigo ya moyo wa huyu baada ya kazi yanashuka upesi kama maji kwenye beseni lililotoboka.

Siku hizi nakumbuka sana ulivyokuwa unanipakia mbele yako, kwenye shingo ya Tulia, tunakwenda kumchukua mama kazini. Nilikuwa nashika manyoya yake kwa mikono miwili. Wewe ulikuwa unanuka mafuta ya ngozi, yeye ananuka majani, na mama akituona anapiga kelele kwamba utamvunjia mtoto shingo, halafu na yeye anaomba kupanda. Sijui kwa nini hilo linanijia kila siku. Linanijia nikiwa nakanda, nalia kidogo, nasingizia moto wa tanuri.

Endelea kutembea, Mjomba.

Mpwa wako,
Unga


Ghorofa ya nne, 20 Aprili

Unga mpwa wangu,

"Tulia ametulia!" Nimecheka mpaka nyonga imenikumbusha kwamba ipo. Nimemsomea fundi viatu, ikabidi nimweleze jina lilivyopatikana, akacheka akakosea msumari. Maana sasa nashuka mpaka kibandani kwake. Kigari nimemrudishia Nesi, natumia fimbo. Lifti ilikuwa mbovu nikateremka ngazi zote, na kupanda nikapanda, nikipumzika kila ghorofa kama farasi mwenye akili.

Sasa unaweza kumpa Kisirani mchakamchaka, lakini kwa kupanda mlima tu. Kuteremka ni kutembea, hata kama wenzako wanakupita na kukucheka. Mlima unajenga, mteremko unabomoa. Mfundishe kunywa maji popote, ya mtoni, ya ndoo, ya dimbwi. Farasi anayechagua maji hafiki mbali. Na akimaliza, mmwagie shingoni, uyafute, umwagie tena, mpaka maji yanayoteremka yasiwe ya moto.

Nilimpoteza mama yako mapema, lakini safari ndefu ile sijaipoteza. Unaikumbuka? Wewe ulilala kwenye gari, ndani ya beseni la kukandia. Mlima wa mwisho ulitukuta jua limewaka, na Tulia alikuwa bado anavuta hatamu, mshenzi yule. Nikashuka mgongoni, nikashika mkia wake, akanivuta mpaka juu kama mama anayemburura mtoto mtukutu. Pale juu mama yako alikuwa anangoja na ndoo, amejifunga kanga kiunoni, na badala ya kunipa mimi maji akampa farasi kwanza. Nikamuuliza, mimi je? Akanijibu, "Wewe ulivutwa." Mpaka leo sijawahi kunywa maji matamu kama yale niliyokunywa baada ya farasi.

Nina ombi. Nenda na simu zizini, uiweke sikioni mwa Tulia, niseme naye mawili matatu. Binadamu siwasikii vizuri kwenye simu, lakini pumzi yake nitaisikia. Usiniambie mtandao haufiki, mimi nilikuwa nampigia muuza majani nikiwa nimeegemea lango hilo hilo.

Mjomba wako,
Hatamu


Nyumbani, 14 Juni

Mjomba, shikamoo.

Simu yangu imeingia kwenye ndoo ya hamira, imeumuka, haitamki. Nikipata nyingine tutaona.

Nikupe habari kubwa. Jumapili tulikwenda kwenye safari ya majaribio, ile fupi ya farasi wachanga. Mjomba, alikwenda kama saa! Mchakamchaka mlimani, kutembea mteremkoni, akanywa maji mto mzima. Watu waliotupita mwanzoni tuliwapita mwishoni wakiwa wanavuta farasi wao kwa kamba. Nikawa natabasamu peke yangu kama mwizi wa pilau harusini.

Tatizo lilikuwa kwenye ukaguzi. Unajua utaratibu: unafika, daktari anasubiri moyo ushuke mpaka kiwango chao, na usiposhuka ndani ya muda, umetoka, hata kama umefika wa kwanza. Moyo ulishaanza kushuka vizuri. Kisirani akachezesha mguu kidogo, daktari akamwambia, "Tulia." Hapo hapo akainua kichwa, akageuka kuelekea tulikotoka, akalia kwa sauti iliyowashtua watu. Moyo ukapanda upya. Mhudumu akaja kusaidia, "tulia, tulia," naye akalia tena, anazunguka, anatafuta. Kila walivyomtuliza ndivyo alivyozidi. Muda ukaisha. Miguu mizima, tumbo linanguruma vizuri, fizi safi, na ametolewa kwa sababu ya kisirani chake!

Daktari anasema akiendelea hivi hatapita safari ya Novemba, maana huwezi kuwaziba watu midomo. Nimfanyeje, Mjomba? Au ni jina tulilompa ndilo linalomponza?

Mpwa wako,
Unga


Hospitali, 29 Juni

Unga,

Umeandika nini? Baba amesoma barua yako dirishani, akaikunja, akaomba nimletee ya mwezi wa tatu. Akazisoma zote mbili. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Alikufa lini?"

Nikamwambia. Ningefanya nini? Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Tangu siku hiyo hajatoka kwenye kile kiti. Fimbo ameisimamisha nyuma ya mlango. Fundi viatu alipanda kumwona, Baba akajibu kwamba amelala. Mimi nilidhani akishafika kwenye fimbo tutakuwa tumevuka. Wiki mbili za kukaa kwa umri ule zinakula miezi yote aliyotembea, na nikimwambia hivyo anasema "sawa" na kutazama magari.

Nesi


Ghorofa ya nne, 6 Julai

Unga,

Farasi akilia vile anakuwa anamwita mtu. Huyo mtoto amezaliwa akinisikia mimi nikimwita mama yake, Tulia, asubuhi na jioni, na kila nikiita mama yake anatokea. Kwake hilo si neno la kumtaka asimame. Ni jina la mama yake. Watu kule ukaguzini walikuwa wanamtajia mama yake, naye anageuka kumtafuta.

Hilo nilielewa kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nikasema nitamwandikia Unga amfundishe polepole, hapo nyumbani, mama yake akiwa karibu. Ndipo nikajiuliza: mbona hapo nyumbani hili halijaonekana? Ungesema "tulia" zizini wangeitikiana mpaka jirani alalamike. Tulia angeitika. Tulia angevunja uzio aje kuuliza nani anamlizia mwanawe. Nikaomba ile barua nyingine. "Tulia ametulia." Miezi yote hiyo nimecheka, nimewachekesha na majirani. Mimi niliyemfuga, sikujiuliza ni lini yule alipata kutulia.

Sikukasirika kwa sababu amekufa. Alikuwa mzee, na mimi ni mzee, na mlango wetu ni mmoja. Nimekasirika kwa sababu kila asubuhi mlikuwa mnanitazama naaga kwamba naenda kwake, na mlijua. Mngeniambia ningelia, ndiyo. Kwani mlidhani machozi ndiyo yanayovunja nyonga?

Niambie alielekeza kichwa wapi. Niambie kama aliteseka sana. Na usiniulize habari za kutembea. Ukumbi huu ni mfupi na sina shughuli kwenye lifti.

Hatamu


Nyumbani, 17 Julai

Mjomba wangu, shikamoo, hata kama hutaitikia.

Kichwa alikielekeza kwenye njia ya kuingilia, ile uliyopita siku ile ulipochukuliwa na gari la wagonjwa. Aliteseka asubuhi moja. Mwishoni nilikaa chini na kichwa chake nikakiweka mapajani, kizito, nikamwimbia ule upuuzi wako wa kumfungia tandiko. Yuko kwenye kona ya uzio. Mkate wako niliuweka juu ya udongo wake, na ndege waliula. Yote niliyokuandikia yalikuwa kweli na yote yalikuwa uongo, nami niliona ujanja kuandika vile. Nisamehe. Nesi pia umsamehe, anakupenda mpaka amekosea.

Hukuniuliza lakini nitakuambia: tangu siku ile sijatamka neno "tulia" hapa. Nikitaka Kisirani asimame namwambia "ngoja", namwambia "acha wazimu", namwambia chochote. Ndiyo maana sikujua kitu mpaka daktari alipolisema mbele za watu. Mama yake alipokufa nilimfungia bandani, akatoka akakuta udongo. Hakumwona, hakumnusa, hakumuaga. Sasa nikimwona amesimama kwenye kona yake ile najua anafanya nini. Anasubiri.

Nimemwondoa kwenye safari ya Novemba. Siwezi kwenda kusimama pale watu wamwite mama yake mbele yangu.

Una haki ya kukasirika, Mjomba. Kasirika, lakini kasirika ukiwa umesimama. Mimi nimebaki na kaburi moja la mama, na moja la Tulia, na sitaki kukupoteza wewe kwenye kiti cha dirishani.

Mpwa wako,
Unga


Ghorofa ya nne, 9 Agosti

Unga,

Marahaba.

Mrudishe kwenye safari. Huwezi kuwakataza watu wasiseme "tulia" mbele ya farasi, ni kama kuwakataza wasiseme "pole" msibani. Kwa hiyo neno ajifunze upya, na wewe huwezi kumfundisha. Alilipokea kwa sauti yangu. Wewe ukilisema atasikia neno. Nikilisema mimi ndipo atasikia jina, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nimeng'oa mguu jana. Nimelia kwa maumivu na fundi viatu amenishika mkono mpaka chini. Nipe wiki chache nirudi nilipokuwa, halafu nitakuja na basi, Nesi atanipakia kama sahani za udongo. Mwambie muuza majani nisikute majani yenye vumbi.

Bado nimekasirika. Nitamalizia huko.

Mjomba wako,
Hatamu


Nyumbani, 25 Novemba

Binti yangu Nesi,

Uliniomba nikuandikie safari ilivyokwenda. Wamepita. Hilo nalitanguliza ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri. Unga amekwisha kukupigia simu, najua, lakini yeye alikusikia tu kwenye simu akaanza kupiga vigelegele, kwa hiyo kuna mambo hakukuambia.

Tulianza siku ya pili baada ya kufika kwangu. Kila asubuhi nilikuwa nasimama na Kisirani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega lake, nasema "tulia". Anainua kichwa, anatazama kona, analia. Halafu anasubiri, na mimi nasubiri naye. Sikumkemea. Nilikuwa naacha pumzi yangu ishuke, ile pumzi ya mtu aliyetua mzigo, mpaka na yeye anashusha kichwa mwenyewe, ndipo nampa kitu mdomoni. Basi, imetosha, kesho tena. Siku za mwanzo sikuweza kulisema neno lenyewe bila sauti kukatika, akawa analia yeye na ninalia mimi, Unga anakimbilia tanurini kwake.

Polepole kilio kikapungua. Kikawa mguno. Baadaye kikawa ni kichwa tu kinachogeuka, bila sauti, kisha masikio mawili, kisha sikio moja. Unga alikuwa anashangilia kila hatua, "Mjomba, leo ni sikio moja!" Nami nilikuwa nafurahi naye mdomoni. Moyoni nilikuwa naona ninachokifanya. Nilitaka kuacha, mara moja hivi, nikamwacha apumzike siku kadhaa nikisingizia nyonga. Unga akaja kukaa na mimi ngazini, akanishika mkono, kesho yake tukaendelea.

Siku ya safari mimi nilingoja ukaguzini na ndoo. Wakatokea, Unga ameshuka mgongoni, anatembea pembeni yake, wote wawili vumbi tupu. Tukamwagia maji, tukafuta, tukamwagia. Daktari akaja na kipimo chake, Kisirani akachezesha mguu, kama ilivyo kawaida yake. Daktari akasema, "Tulia, mama, tulia."

Nesi, alishusha kichwa. Hakugeuka. Hakutazama popote. Alishusha kichwa na kuvuta pumzi, na moyo ukashuka mpaka daktari akarudia kuusikiliza hakuamini, akatuambia tumepita. Unga akarukaruka, seremala aliyetusindikiza akarusha kofia juu, na mimi nikashika kamba nikalia mbele za watu. Walidhani ni furaha. Furaha ilikuwepo, sikatai. Lakini Kisirani ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwita mama yake. Sisi tunamkumbuka, na kukumbuka ni kitu kingine. Yeye alikuwa anamwita akijua ataitikiwa, na mimi baba yako ndiye niliyemfundisha aache.

Najua ndivyo ilivyopasa. Hata yeye mwenyewe sasa analala chini alasiri, kwenye majani katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha, jambo ambalo Unga anasema hakulifanya mwaka mzima. Miguu ni mikavu, haina hata joto. Mwakani, Mungu akipenda, atakwenda safari ndefu kidogo.

Mimi usiniwekee kitanda huko. Njoo wewe likizo. Jioni Unga akimpeleka Kisirani mtoni, wakiwa mbali wasinisikie, nachukua fimbo nakwenda mpaka kwenye kona ya uzio, naegemea nguzo, namwita Tulia kwa jina lake. Halafu nasubiri kidogo, kisha narudi. Ni mbali kwa nyonga hii, lakini nafika.

Baba yako